Wimbo Ulioshushwa

Wimbo wenyewe ulikuwa mfupi kupindukia. Mistari minne tu: ukipiga chafya mara mbili umekwisha, na ukichelewa kutafuta pa kukaa umeukosa. Mwalimu Lazarus Musyoka aliutunga mwenyewe kwa ajili ya kwaya ndogo ya kanisa la mabati pale Garissa, na tangu autunge aliuimbisha kwa mwendo wa haraka, kwa sauti za juu, mabega ya waimbaji yakichezacheza.

*Amelala, amelala,*
*Usimwamshe Mfalme;*
*Nyasi ndizo shuka zake,*
*Mbingu ndiyo paa lake.*

Kwao Kitui watu walizoea Krismasi ya vigelegele, na Lazarus hakuona sababu ya kuinunia sikukuu kwa kuwa tu kulikuwa na vita vya waasi wa shifta na amri ya kutotoka nje jua likizama. Aliyeupinga mwendo huo alikuwa mtu mmoja tu, wala hakuwa mwanakwaya, wala hakuwa Mkristo. Alikuwa Habibo, binti wa Mzee Rage mfanyabiashara wa ng'ombe, ambaye nyumba yao ilitazamana na kanisa, njia ya mchanga tu katikati. Habibo ndiye aliyewauzia walimu maziwa kila asubuhi.

"Nyinyi mnasema mtoto amelala," alikuwa akimtania, "halafu mnabiga yeye kelele. Mtoto gani atalala na hii nyimbo? Imbeni bolebole, watu wa Mungu."

P ilimshinda ulimi, kama ilivyowashinda wengi wa kwao, na Lazarus alilipenda hilo neno *bolebole* kuliko mashairi yote aliyowahi kufundisha. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kufikia mwaka huo wa sitini na nne mji mzima ulikuwa umewasikia wakikohoa.

Jumanne ya wiki ya Krismasi Habibo alikuja mlangoni kwa Lazarus kama kawaida, kibuyu cha maziwa ubavuni, lakini hakutania. Alimimina maziwa kwenye sufuria mpaka yakafurika, akaendelea kumimina.

"Yanamwagika, Habibo."

"Wacha yamwagike. Leo ndiyo mwisho. Kesho Kaltun ataleta."

Kaltun alikuwa mdogo wake. Lazarus aliweka sufuria chini, akamtazama. Macho yalikuwa mekundu, wanja umeparaganyika.

"Kuna nini?"

"Watu wa Nuh wamefika kutoka Masalani. Wazee wanne na Nuh mwenyewe, na ngamia wao wamefungwa nyuma ya nyumba yetu. Wamekuja kunichukua."

Habari za Nuh hazikuwa mpya. Alikuwa kijana mpole, mwenye mifugo, mtoto wa rafiki wa Rage. Hata Lazarus, kwa wivu wake wote, hakuwahi kupata kosa la kumpachika.

"Na baba yako amesemaje?"

"Aabo hajasema habana kwako, Lazaro. Hiyo ndiyo inaniua. Angesema habana, ningelia, nikamaliza. Amesema hivi: Ijumaa, kama mwalimu atakuja msikitini na miguu yake mwenyewe, ashahadie mbele ya watu, yeye atawarudisha wazee wa Masalani na heshima yao. Kama hakuji, nikaha ya Nuh inasomwa hiyo hiyo Ijumaa, baada ya sala. Ramadhani iko karibu, hawangoji."

"Ijumaa ni Krismasi."

"Najua. Si mimi nilibanga kalenda."

Lazarus alikaa kwenye kizingiti. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Haikuwa mara ya kwanza kulifikiria jambo hilo. Miezi mingi alikuwa akikesha nalo, tena alikuwa amekwenda kuzungumza na sheikh, akatoka na utulivu ambao haukumruhusu tena kusema kwamba kinachomvuta ni msichana peke yake. Kilichomfunga miguu ni mama yake. Mama alikuwa amemtumia maneno kwa mdomo wa Mutiso, dereva wa lori, rafiki yake wa kufa na kuzikana: "Mwambie Lazarus akiacha dini ya baba yake, siku nikifa asishike jembe kaburini kwangu."

"Nipe mpaka Ijumaa," alisema.

"Mimi sikulazimishi." Habibo alizungumza polepole, akichagua maneno. "Dini si shuka ya kuazima. Ukija, uje kwa sababu umekuja wewe. Lakini sikia shida yangu. Ijumaa, kabla ya wanaume kwenda msikitini, abti Awil atakuja kuniuliza mimi. Aabo ametaka nisikizwe, na kaka ya mama yangu ndiye atabeba jibu. Nikimwambia nangoja mwalimu, halafu wewe hukuji, nimemvua aabo nguo mbele ya wageni. Siwezi, Lazaro. Kwa hivyo lazima nijue kabla Awil hajaniuliza."

"Nitakujulishaje? Kaka yako Ogle hataki hata kivuli changu kipite langoni."

Habibo alitazama upande wa kanisa. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile midomo yake ilikaribia kucheka.

"Hiyo nyimbo yenu ya haraka. Naisikia yote kutoka jikoni. Ijumaa kama unakuja, imba juu, imba haraka, vile mnaimba siku zote. Kama hukuji, imba chini, bolebole. Nitajua. Mwingine hatajua."

"Na ikiwa polepole?"

"Nitasema ndiyo kwa Nuh. Sitakulaumu. Lakini usinitumie mtu, na usiniambie sababu. Sababu inauma kuliko jibu."

Alikifunga kibuyu, akakiweka begani. Alipofika kwenye ua aligeuka, akamtazama Lazarus kwa muda mrefu bila aibu, kama mtu anayetazama nyumba anayohama. Kisha akaenda zake.

Siku zile zilizofuata Lazarus hakula cha kumshibisha. Alikumbuka jinsi Mutiso alivyocheka alipomletea maneno ya mama.

"Mama atanuna," Mutiso alimwambia siku ile, akijipangusa grisi mikononi. "Atanuna mwaka mzima. Halafu utamshikisha mjukuu, na utaona kama hiyo mikono itakataa. Wewe Lazarus taabu yako ni moja, unataka kila mtu akupigie makofi. Mshika mbili moja humponyoka. Amua, mimi nikirudi na mzigo wa Krismasi nikukute umeamua."

Alhamisi jioni, milango ya mji ikifungwa na askari wakianza doria, Lazarus aliamua. Aliamua peke yake, ameketi kitandani, na alipomaliza alishangaa kuona ni jepesi kiasi gani. Kwaya angeiaga baada ya wimbo. Angewaambia ukweli, wamlaani wakitaka, kisha angevuka mchanga kwenda msikitini. Alilala usingizi wa mtoto.

Asubuhi ya Krismasi alifika kanisani amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi, uma wake wa sauti mfukoni. Uma ule ndio uliokuwa kinanda chao. Kila mara aliugonga gotini, akautega sikioni, akapata sauti ya kuanzia, na waimbaji wakaipokea kutoka kinywani mwake. Alikuta watu wamesimama nje makundi makundi, hakuna aliyeingia. Mwikali, muuguzi aliyeongoza sauti ya pili, alimjia na uso uliokauka.

"Mwalimu, lori la Mutiso limepigwa risasi jana, huko njiani. Askari wamemleta alfajiri. Yuko hospitali."

"Ameumia wapi?"

Mwikali alimshika mkono, akaubana, na Lazarus akaelewa. Alitaka kukaa chini, lakini palikuwa na mchanga tu, naye alikuwa amevaa suruali ya sikukuu. Mambo ya kipuuzi kama hayo ndiyo humjia mtu saa kama zile.

Ibada ilicheleweshwa sana. Mkatekista alitaka waahirishe nyimbo, na angefanya hivyo kama Katunge, mke wa Mutiso, asingetokea. Alikuja anatembea mwenyewe, kitambaa cheupe cha kwaya kichwani. Alipita katikati ya watu waliotaka kumkumbatia, akaenda kusimama mahali pake, mwanzo wa safu ya sauti ya kwanza. Katunge ndiye aliyekuwa akiuanza ule wimbo. Nyuma yake, kwenye sauti ya nne aliyozoea kuimba Mutiso, palikuwa na pengo pana kama mtu mmoja.

Wakati wa kwaya ulipofika jua lilikuwa limepanda juu na mabati yanalialia kwa joto. Ng'ambo ya njia Lazarus aliona, kupitia dirisha lililo wazi, wazee wakitia udhu katika ua wa Rage. Awil, kwa ndevu zake za hina, alikuwa ameshasimama karibu na mlango wa jikoni.

Lazarus aligonga uma. Do ikawa kwenye noti ya A, juu pale pale pa siku zote, akawapa sauti. Alinyanyua mikono.

"Mwalimu," Katunge alisema kwa sauti ndogo. "Leo tuimbe chini. Huko juu sitafika."

Kanisa zima lilimsikia. Lazarus alishusha mikono, akamsogelea.

"Katunge, dada yangu. Keti. Mwikali atauanza."

"Hapana. Mutiso aliniambia nisije nikaukosa. Alisema hata akichelewa njiani, mimi niimbe, atausikia akiwa anavuka Tana. Nataka kuuimba. Lakini uushushe, na twende polepole. Nikimbie naye wapi tena?"

"Tumeuzoea hivi," Lazarus alisema, na akajisikia akibembeleza, jasho likimtiririka mgongoni. "Wenzako wataharibu. Tuuimbe kama alivyoupenda yeye mwenyewe. Haraka. Tafadhali."

Katunge alimtazama bila hasira. Aliitikia kwa kichwa, kwa kuwa alikuwa mwanakwaya mtiifu, na hakuna aliyewahi kumsikia akibishana na mwalimu.

Lazarus akanyanyua tena mikono. Akapiga mwendo ule wa haraka hewani, moja mbili, moja mbili, na Katunge akafungua kinywa. Ilitoka pumzi tu. Akajaribu tena, ikatoka sauti iliyopasuka, si ya wimbo wala si ya kilio, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja na kuendelea kusimama wima. Hakuna mwingine aliyeimba. Walimtazama Lazarus kama watu wanaomwona mwenzao akimvuta mgonjwa kutoka kitandani.

Mtu anaweza kusema angefanya hivi na vile. Maneno hayana gharama. Lazarus alisimama pale kati ya wanawake wawili aliowaharibia, mmoja mbele yake na mmoja ng'ambo ya mchanga, na moyo wake ukawa unapiga ule mwendo wa haraka peke yake. Angeweza kuimba mwenyewe, mistari minne, kwa sauti ya juu, na jikoni kwa Rage wangemsikia. Alifungua kinywa kufanya hivyo. Akaliona lile pengo la Mutiso.

Aligonga uma mara nyingine, akahesabu ngazi za sauti kwenda chini mpaka E, akamnong'oneza Katunge sauti. Kisha akaondoka mbele ya kwaya, akaenda kusimama kwenye pengo, akachukua sauti ya nne.

Wakauimba. Hawakuwahi kuuimba hivyo. Kila neno lilikaa mahali pake mpaka likapoa. *Amelala* ya kwanza ya Katunge ilitetemeka, ya pili ikasimama, na sauti nyingine zikaja chini yake kumshika. Watu walilia bila kelele. Hata askari aliyekuwa mlangoni alivua kofia. Ulikuwa wimbo mtamu kuliko vyote vilivyowahi kuimbwa chini ya mabati yale, na Lazarus aliuimba akitamani ardhi ipasuke. Walipofika *Mbingu ndiyo paa lake* aliona kwa lile dirisha Awil akiinama kuingia jikoni.

Hakukaa sana mle ndani. Alitoka, akasema neno moja kwa Rage, na wanaume wakaondoka kwenda msikitini.

Lazarus hakuwa amekata tamaa bado. Aliwaza kwamba nikaha husomwa baada ya sala, na kwamba akifika na kushahadia kabla haijasomwa, Rage ni mtu wa neno lake. Alishika njia ya mlango. Huko nje gari la jeshi lilikuwa limesimama, na sajini alikuwa akimuuliza mkatekista kuhusu maiti.

"Msafara wa kwenda bara unaondoka sasa hivi. Mkitaka akazikwe kwao, mleteni. Mwingine hatujui ni lini, na kwa joto hili hatawangoja."

"Mwalimu," Katunge alisema, akamshika mkono wa shati. "Usiniache na askari peke yangu. Wewe ndiye ndugu yake hapa."

Kutoka msikitini adhana ya Ijumaa ilianza. Lazarus aliisikiliza yote. Kisha akapanda gari pamoja na Katunge kwenda hospitali, akamvisha Mutiso shati safi, akamshika mabegani wakati wanaume wengine wakimshika miguu. Mutiso alikuwa mzito. Walimlaza kwenye gari la msafara juu ya magunia, mkewe akaketi kando yake, na vumbi lilipotulia Lazarus alianza kukimbia.

Alikuta wanaume wanatoka msikitini, wanatafuta viatu vyao. Mtu alikuwa anagawa tende. Nuh alikuwa amesimama katikati ya wazee wa Masalani na kanzu mpya, anasalimiwa huku na huku, uso umejaa haya. Rage alimwona Lazarus, akawaacha wageni, akamjia.

"Nabad, mwalimu."

"Mzee Rage, nimekuja. Nilikuwa nakuja tangu asubuhi. Nimekuja kushahadia."

Rage alimtazama shati, lililokuwa na damu kavu kwenye kikwapa.

"Mimi nilikungoja," alisema. "Hata baada ya msichana kusema ndiyo, mimi nilikaa karibu na mlango. Imamu aliniuliza, Rage, tusome? Nikasema ngoja kidogo. Akaniuliza tena. Ningefanya nini? Fatiha imesomwa, mwalimu. Ukitaka kushahadia kwa ajili ya Mungu, mlango uko wazi, hata kesho. Kwa ajili ya Habibo, imekwisha." Akamgusa bega, kwa huruma hasa, na huruma hiyo ndiyo iliyommaliza Lazarus. "Rudi nyumbani. Jua litazama, na askari hawana masihara."

Hakurudi nyumbani. Miguu ilimpeleka kwenye lango la Rage, kwenye ua wa miiba, akasimama pale hana mbele wala nyuma. Ndani wanawake walikuwa wanaosha masufuria na kucheka. Mtu alijaribu ngoma kwa kugonga debe. Aliyetoka ni Kaaha, dada yake Rage, mama mtu mzima aliyemlea Habibo na ambaye wote walimwita eddo, yaani shangazi. Alilivuta lango nyuma yake.

"Unataka nini huku, mwalimu? Unataka Ogle akuone?"

"Nataka neno moja naye, eddo."

"Neno ulisema. Sote tulisikia, ila yeye tu alielewa." Kaaha alishusha sauti. "Alikuwa amekaa karibu na moto. Mlipoanza hiyo nyimbo yenu akaniambia, eddo, nyamaza. Akasikiza mbaka mwisho. Siku mingi alikuambia uimbe bolebole, na ulikataa, si ndiyo? Leo umeimba. Akasema haijawahi kuwa tamu hivi. Akasema, mtu anayeweza kuniaga na sauti tamu hivi, alikuwa ameniaga zamani. Halafu Awil akaingia."

Lazarus alishika mti wa lango.

"Sikuwa namuaga yeye."

"Ulikuwa unaaga nani?"

"Mutiso. Alipigwa risasi jana. Mke wake hakuweza kuimba juu."

"Mutiso wa lori?" Kaaha alijiziba mdomo kwa ncha ya shali. "Huyu alituletea unga wakati wa njaa? *Inna lillahi.*" Lazarus alimwona akiunganisha mambo moja moja, mpaka macho yake yakabadilika. "Kwa hivyo wewe ulikuwa unakuja."

"Nilikuwa nakuja."

"Ya Rabbi." Kaaha aligeuka kuangalia nyumba, akamgeukia tena. "Nimwambie? Atatoka usiku huu huu, mimi namjua. Atavunja nikaha, atavunja baba yake. Au hatatoka, atakaa na huyo kijana maisha yake yote akisikia hiyo nyimbo. Sema wewe. Nimwambie?"

Ndani ngoma ilishika. Wanawake wakaanza kuimba, mmoja akitangulia na wengine wakimwitikia, kwa haraka, kwa sauti za juu, wakipiga makofi. Lazarus alisikiliza kama ataisikia sauti ya Habibo kati yao. Hakuisikia.

"Usimwambie," alisema. "Mwambie alisikia sawasawa. Nilikuwa nimemuaga."

Kaaha alimtazama kidogo, akaingia, akafunga lango. Lazarus alishika njia ya kwenda kwake akiwa amejiziba masikio, lakini ngoma ile ilipita kwenye viganja, na kabla hajafika kanisani aligundua kwamba miguu yake ilikuwa inaifuata.